Kochi Halitoki Mpaka Likaliwe

Aliyemrudisha Bibi nyumbani hakuwa mwanawe, wala mkwe, wala mjukuu. Alikuwa jirani yao, Redio Mbao, na hapo ndipo aibu ilipoanzia, maana ukitaka jambo lako lisifike mbali, usilipitishe mbele ya Redio Mbao hata kama umelifunga kwenye gazeti.

Redio Mbao alikuwa amekwenda kliniki ya macho kurekebishiwa miwani. Wakati wa kutoka akamwona Bibi kwenye benchi la nje, bandeji jicho moja, mkoba mapajani, mlinzi tayari ameshika mnyororo wa geti. Wenzake wote waliotolewa mtoto wa jicho asubuhi ile walishachukuliwa na watu wao.

"Unamsubiri nani, mama?"

"Mwanangu anakuja."

"Tangu saa ngapi?"

"Anakuja," akarudia Bibi, kwa sauti ya mzazi anayemtetea mtoto wake mbele ya mwalimu.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa linazama. Mlango ulikuwa wazi nusu. Redio Mbao alipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyeitika, na kumbe wote walikuwemo. Mwana wa Bibi, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya makochi anayoyatengeneza, alikuwa kwenye kigoda ameinamia simu, anamtumia mteja picha za vitambaa. Mkewe alikuwa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, huku anakoroga na huku anawajibu wanunuzi wa mitumba. Binti yao, waliyempa jina la Chiriku alipokuwa mdogo kwa sababu mdomo wake ulikuwa haufungi, alilala mkekani na vijiti vya muziki masikioni. Siku hizi ungeweza kukaa naye kutwa usimsikie hata akipiga chafya.

"Hodi wenye nyumba!" Redio Mbao akapaza sauti. "Nimewaletea mzigo wenu. Mliusahau."

Fundi akainua uso. Alimwona mama yake amesimama mlangoni, amemshika mtu baki mkono. Akamgeukia mkewe aliyetoka jikoni na mwiko.

"Si wewe ulikwenda kumchukua?"

"Mimi? Nilijua Chiriku."

"Mimi?" Chiriku akachomoa vijiti. "Nilijua baba."

"Niliandika kwenye kundi!" Fundi akasema, na papo hapo akatamani asingesema.

Kweli aliandika. Mchana ule, kwenye kundi la familia, aliandika: nani atampitia mama kliniki? Alama mbili zikageuka buluu, akajua wote wamesoma, moyo wake ukatulia kama mtu aliyekwisha tenda. Mkewe alisoma, akaona swali ni la Chiriku ambaye shule yake iko karibu na kliniki. Chiriku alisoma, akaona hayo ni mambo ya wakubwa. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyesema kitu.

Na si siku hiyo tu. Katika nyumba ile ya vyumba vitatu watu walikuwa wakiandikiana kama wako ng'ambo. Hata "chakula tayari" ilikwenda kwenye kundi. Bibi, ambaye simu yake ni ya tochi na haina kundi lolote, alikuwa anatambua kwamba watu wanakula kwa kusikia vijiko.

"Mimi simo," alisema Redio Mbao, akavuta kiti akaketi.

Bibi alipewa maji. Akanywa, akakirudisha kikombe taratibu.

"Jumamosi nakwenda kwa mdogo wako," akamwambia Fundi.

"Mama, kule wana chumba kimoja na watoto wanne. Utalala wapi?"

"Katikati ya watoto. Wanapiga kelele. Nazitaka."

*

Kulipokucha habari ilishazunguka, ikanawa miguu na kurudi. Bombani, mke wa Fundi alimkuta mama wa nyumba ya pili anajaza ndoo, hana haraka.

"Shoga, sisi wengine tunasahau miavuli. Wenzetu mnasahau wakwe."

Alicheka peke yake. Mke wa Fundi akatwika ndoo iliyojaa nusu, akaondoka. Kwa muuza misumari nako mambo yakawa yale yale. Fundi alilipa, jamaa akamshikia pakiti juu kidogo. "Ichukue kabisa Fundi, usije ukaiacha benchini."

Siku hiyo Fundi alimpeleka mama yake mwenyewe kufunguliwa bandeji. Alimsubiri ndani, akarudi naye. Bibi alikuwa amevaa miwani myeusi waliyompa kliniki, na njia nzima alizungumzia hali ya hewa. Mwenye kujua wanawake wa aina yake anajua: akizungumza hali ya hewa, ameshafunga mkoba.

Jioni Fundi akateremsha sufuria kubwa, ile ya wageni ambayo haikuwa imeguswa muda mrefu, akaiweka juu ya meza.

"Kuanzia leo, jua likizama, simu zote humu. Mpaka asubuhi."

"Zote?" mkewe akauliza. "Na wateja wangu? Mitumba inauzwa jioni, watu wakitoka kazini. Nikichelewa kujibu, blauzi imeshanunuliwa kwingine."

"Watasubiri."

"Wateja hawasubiri. Anayesubiri ni mama yako."

Neno likakaa pale katikati ya meza. Yeye mwenyewe aliyelitoa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumbukiza simu, kwa kishindo. Fundi akafuata. Chiriku akaiweka ya kwake polepole kama anazika kuku aliyemfuga, na mfuniko ukafungwa.

Basi wakakaa. Mikono ya Fundi haikujua iende wapi, kidole gumba kilikuwa kinachezacheza chenyewe pajani. Ndani ya sufuria kitu kilinguruma kama nyuki aliyefungiwa, kikanyamaza, kikanguruma tena. Bibi akatoka chumbani kwake akawakuta watatu wamejipanga, wanamtazama.

"Kuna msiba?"

"Hapana mama. Tumekaa tu."

"Mmekaa tu. Na mbona mnaniangalia kama maiti inayongoja jeneza?"

"Bibi, umeshindaje?" Chiriku akauliza, kama anayesoma ubaoni.

"Salama. Na wewe?"

"Salama."

Mke wa Fundi akakohoa. Bibi akasubiri kidogo, akaona hakuna linalokuja, akageuka.

"Chukueni simu zenu. Simu haina kosa, babu yake Chiriku angekuwa nayo angeongea mpaka iombe maji. Ninyi msinifanyie maonyesho."

Mlango wake ukafungwa. Lakini hakuna aliyefungua sufuria usiku ule, kwa aibu zaidi kuliko kwa uamuzi.

*

Alhamisi ilinyesha. Paa la karakana lilikuwa linavuja pale pale lilipokuwa likivuja mwaka juzi, na chini yake kulikuwa na kochi kubwa la mwenye duka la dawa, limekwisha vishwa kitambaa cha kijani, linasubiri kupelekwa Jumamosi. Fundi na mkewe na Chiriku walilibeba mbiombio wakaliingiza sebuleni. Viti vya zamani ikabidi vitoke, vikapangwa barazani. Kochi likachukua chumba kizima kama shangazi mnene aliyekuja kwa siku mbili.

Jioni, sufuria ikishafungwa, hapakuwa na pengine pa kukaa. Wakaketi wote wanne juu yake, mabega yanagusana, wanatazama ukuta mmoja. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumkodolea macho mwenzake, midomo ikalegea yenyewe.

"Linanukia gundi," alisema Chiriku, akarukaruka kidogo.

"Ruka vizuri," alisema Bibi. "Ndivyo linavyotakiwa. Babu yako alikuwa hatoi kochi mpaka likaliwe."

"Likaliwe na nani?"

"Na mtaa! Akimaliza kochi anatoka nje anaita. Watu wanakuja, wanalikalia jioni nzima, wanapiga soga, sponji inashuka inapotaka kushuka. Mbao ina adabu za mgeni, mjukuu wangu. Siku ya kwanza inanyamaza. Ikishazoea watu ndipo inasema lililo moyoni. Ikilia, analirudisha kwenye nyundo. Ikinyamaza, ndiyo linakwenda kwa mwenyewe."

Fundi alikuwa amekumbuka kitu ambacho hakuwahi kumsimulia mtu: alipokuwa mdogo alikuwa akitambaa chini ya makochi mapya, analala chali kwenye vumbi la mbao, na juu yake wakubwa wanaongea. Maneno hakuyaelewa. Lakini kicheko kilipokuja springi zote zilitetemeka juu ya uso wake kama mvua inayokataa kudondoka, na sauti ya baba yake ilikuwa ya mwisho kuzimika. Alikuwa akipitiwa na usingizi pale pale, akiamka yuko kitandani. Mpaka leo hajui nani alikuwa anamtoa.

"Hee!" mkewe akapiga paja. "Kumbe ndiyo maana! Siku nilipoletwa hapa kwa mara ya kwanza, mimi na mama mdogo, tulikalishwa kwenye kochi jekundu zuri hilo! Mama mdogo akaninong'oneza, hawa watu wanazo. Nilipokuja mara ya pili halipo. Nikajua mmefilisika."

Bibi alicheka mpaka akavua miwani na kufuta jicho lililo zima. "Lilikuwa la hakimu! Na ninyi mlimsaidia, mlikaa sana!"

"Nikasema moyoni, basi, nimeshakubali, nitaolewa hivyo hivyo na mkeka."

Sasa Chiriku alikuwa amegeuka mzima mzima, magoti juu ya kochi la watu. "Mbona sijawahi kuona? Kwa nini mliacha?"

Mvua ilisikika.

"Wateja siku hizi wananunua kwa picha," Fundi akasema mwishowe. "Ukimaliza unapiga picha, unatuma, gari linakuja. Hakuna wa kungoja likaliwe."

Bibi hakumlaumu. Alipapasa kitambaa cha kijani kwa kiganja, kama mtu anayempapasa paka wa jirani.

Mke wa Fundi ndiye aliyesema, na yeye mwenyewe alishangaa kujisikia. "Basi kesho tulikalie."

*

Ijumaa Chiriku alitumwa mlango kwa mlango, kwa miguu, kwa sababu baba yake alisema mwaliko wa kochi hauandikwi. Muuza misumari alikuja. Mama wa bombani alikuja, akijifanya amefuata ungo wake. Redio Mbao alifika kabla ya wote, amevaa kandambili za ndani, akisema alikuwa anapita tu.

Mlangoni sufuria ilikuwa inawangoja.

"Hata yangu?" Redio Mbao aliibana simu kifuani.

"Wewe itumbukize bila wasiwasi," alisema muuza misumari. "Tangu lini redio ikahitaji simu?"

Ikaanguka sufuriani katikati ya kicheko. Nao wakajipanga, wengine kwenye mikono ya kochi, wengine sakafuni wakiegemeza migongo, na kabla chai haijamiminwa mama wa bombani alishaanza ya jamaa aliyemnunulia mkewe jiko jipya akalipeleka nyumba isiyo ya mkewe. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha habari ile. Vipande havikulingana, na hapo ndipo utamu ulipo. Bibi alikaa pembeni karibu na dirisha, miwani myeusi usoni, anauliza, "Ehe, halafu?" kama mtu aliyekuwa na kiu ya siku nyingi.

Sufuria ikaanza kulia. Fundi aliutambua mlio wake. Ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Alijua ni mwenye duka la dawa, mtu asiyependa kungoja, aliyekuwa amekwisha dokeza kwamba akiridhika ataagiza viti vya duka zima. Mkewe alimtazama, na macho yake yalikuwa yamegawanyika. Bibi naye akageuza uso, na kwa miwani ile hakuna aliyejua anatazama nini.

Fundi aliinuka kidogo. Akauliza nani anaongezewa chai, akaketi.

Haukupita muda mlango ukagongwa.

"Nimekupigia mpaka kidole kimechoka!" Mwenye duka la dawa alisimama pale na funguo za gari mkononi. "Nilitaka nilichukue leo..." Akaona watu. Akaona kile walichokalia. "Hilo kochi ni langu?"

Wote walitaka kuinuka kwa pamoja, na sponji mpya ikawarudisha chini kwa pamoja. Muuza misumari alishika kikombe juu kama anayesalimu amri.

"Ni lako," alisema Bibi. "Ndiyo maana tumelikalia. Karibu baba, sogezeni mgeni akae kati."

Hakuna anayejua kwa nini alikaa. Labda kwa sababu aliambiwa na mama wa umri ule kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni. Akakaa kati, funguo magotini, amenuna. Redio Mbao hakumpa nafasi ya kununa.

"Bwana dawa, wewe ndiwe wa kutuambia ukweli. Ile dawa ya nywele unayouza, mbona mwenyewe huitumii?"

Mtu yule alijishika upara. Akajaribu kukasirika, ikashindikana, kicheko kikamtoka kikubwa kuliko mwili wake, akajitupa nyuma. Na kochi likalia. Kwaa.

Bibi aliinua mkono. "Nyamazeni."

Nyumba ikanyamaza, hata sufuria.

"Inuka. Kaa tena, kwa uzito wako wote."

Kwaa.

"Mguu wa kati," alisema Bibi.

Fundi alilala kifudifudi mbele ya wageni wote, akaingiza kichwa chini ya kochi na ile simu ya tochi ya mama yake. Aliona. Kiungo cha mguu wa kati kilikuwa kimeshikwa na gundi tupu, nayo imepasuka. Siku aliyopaka gundi ile mteja mwingine alikuwa anaandika, naye alijibu kwa mkono mmoja, akajibu tena, na skrubu ikabaki kwenye kopo. Angeweza kusema ni mbao mbichi, hakuna ambaye angembishia. Akatoka na vumbi kichwani.

"Kosa ni langu. Sikutia skrubu."

Mwenye duka la dawa alimtazama juu mpaka chini. "Na picha uliyonitumia ilikuwa nzuri kweli."

Mke wa Fundi aliangalia vikombe. Ilikuwa kama kuchapwa mbele ya watoto.

"Lingevunjika kwangu," akaendelea yule bwana, "na mama mkwe wangu juu yake."

"Hapo ungeoa upya!" alidakia Redio Mbao, na nyumba ikaanguka kicheko, pamoja na mwenye kochi.

Alipoinuka kuondoka hakusema lolote kuhusu viti vya duka. "Litengeneze. Jumatatu jioni nakuja kulikalia mwenyewe. Lakini awepo huyu mama alisikilize. Wewe na picha zako sikuamini."

Kila mtu akamgeukia Bibi. Bibi aliisawazisha miwani yake, akaomba asogezewe kikombe, na hakujibu ndiyo wala hapana.

*

Jumamosi asubuhi mkoba ulikuwa mlangoni. Fundi alikuwa amevaa shati la kutokea. Chai ilikuwa mezani, na watu wa nyumba ile, ambao usiku walikuwa wamejadiliana kwa kunong'ona kama wambembeleze au wasimbembeleze, waliishia kuutazama ule mkoba.

"Mama," Fundi akaanza. "Siku ile niliona wamesoma, nikatulia. Si kwamba nilikusahau. Nilisahau kwamba mwanao ni mimi, siyo kundi."

Bibi alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Mikono yake ikasimama.

"Kila gari lililopunguza mwendo nilisimama," alisema. "Mlinzi akaja akaniuliza. Akarudi tena. Mara ya pili nikamdanganya, nikamwambia umenipigia, uko njiani, kuna foleni. Kungoja si kazi, baba. Kazi ilikuwa kumdanganya yule mlinzi, na umri huu."

Fundi alitazama chini. Mkewe alimfuata Bibi akamshika mkono, naye Bibi hakuuondoa.

Baadaye akamgeukia mjukuu wake. "Chiriku, hii yangu haina pesa. Lete ya kwako unipigie shangazi yako, asije akanisubiri kituoni."

Chiriku alifunua sufuria, akapiga, akampa. Bibi aliishika simu mbali na sikio kama kikombe cha moto, akapaza sauti ya kufika huko bila msaada wa simu.

"Haloo! Usiende kituoni, siji... Hapana, siumwi... Hapana, hawakuniomba, wangeniomba ningekuja. Nina kazi Jumatatu... Kazi! Nimeajiriwa na mwenye duka la dawa! Hebu kaa chini nikuhadithie."

Akaketi pembeni mwa kochi la kijani, upande usio na lawama, akaanzia mwanzo kabisa, kwenye mvua. Alipofika pale bwana yule alipoingia na funguo zake, mke wa Fundi hakuvumilia. "Si hivyo mama, kwanza alifoka!"

"Wifi yako anasema kwanza alifoka. Haya, akafoka..."

Mezani chai ilikuwa inapoa. Hakuna aliyeigusa, kila mmoja akinyoosha shingo asikie kama na yeye atatajwa.